Tatuu: kabla ya kuchagua mchoro, kijana wa Congo achague kwanza mkono

Wachora tatuu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa wanamjua vizuri mteja wa aina moja. Anaingia, anasalimia, anatoa simu mfukoni na kuonyesha picha. Ni simba mdogo aliyechorwa kwa mistari myembamba kama unywele, ama waridi la pinki lililotandazwa kama rangi ya maji, ama jina la mama kwa herufi ndogo sana nyuma ya shingo. Anasema anataka hiyo hiyo, jinsi ilivyo. Swali lake la pili ni bei. Mara nyingi hakuna swali la tatu.

Picha ile ilipigwa Los Angeles, Seoul ama Paris, kwenye ngozi nyeupe, dakika chache baada ya sindano kuondoka, chini ya taa kali. Hakuna anayejua mchoro huo ulionekana namna gani baada ya mwaka mmoja. Hata kwenye ngozi ile nyeupe haijulikani, sembuse kwenye mkono wa kijana wa Kadutu ama wa Kenya, ile komine ya Lubumbashi. Kupenda tatuu si kosa, na gazeti si mahali pa kuwafundisha vijana mapambo ya miili yao. Kosa ni kuchagua mchoro kwanza, halafu kumpa kazi mtu yeyote aliye karibu na mwenye bei ndogo. Mpango huo inabidi ugeuzwe: mchoraji kwanza, mchoro baadaye.

Sababu iko katika ngozi yenyewe. Ngozi ina matabaka. Lile la juu kabisa linakufa na kuanguka kidogo kidogo, na kila baada ya majuma machache linakuwa jipya. Wino ukiwekwa hapo ungekwisha haraka. Kwa hiyo sindano inaupeleka chini zaidi, kwenye tabaka la pili, milimita 1 hadi 2 hivi. Huko chembe za ulinzi wa mwili zinaumeza wino na kukaa nao. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha mwaka 2018 kwa majaribio juu ya panya kwamba chembe moja ikifa inauachilia wino wake, na nyingine inaumeza tena pale pale. Ndivyo tatuu inavyodumu. Lakini haibaki kama ilivyochorwa siku ya kwanza. Mwaka kwa mwaka mstari unapanuka na kupoteza ukali, na mistari miwili iliyokaribiana mno mwishowe inashikana.

Sasa, melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, iko zaidi katika tabaka la juu. Maana yake, mtu akitazama tatuu anautazama wino kupitia melanini, kama anayetazama kitenge kupitia kioo cha kahawia. Kioo kikiwa cheupe kila rangi inapita. Kikiwa cha kahawia, manjano, pinki na buluu ya mbingu zinafifia ama zinageuka. Nyeusi inabaki nyeusi, na nyekundu iliyokolea ama buluu iliyokolea bado inaonekana vizuri. Hii haina maana kwamba mtu mweusi anyimwe rangi. Huko Marekani wateja weusi wamelalamika miaka mingi juu ya wachoraji waliowaambia wachukue wino mweusi tu, bila hata kujaribu. Jacci Gresham, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kufanya kazi hii Marekani, alianza New Orleans mwaka 1976, na wengine wamemfuata. Rangi inawezekana, ila inahitaji mtu aliyejifunza kuiweka kwenye ngozi ya namna hii. Mchoraji mwaminifu anaweza kwanza kuweka nukta chache za rangi mahali pa siri, kusubiri zipone, kisha mteja na yeye watazame pamoja ni ipi iliyobaki na ipi iliyozama. Ni kazi ya dakika chache, na inampunguzia mtu majuto ya miaka mingi.

Kuna hatari nyingine ambayo picha ya simu haiionyeshi. Mchoraji asiyezoea ngozi nyeusi, asipouona wino wake vizuri wakati wa kazi, anadhani haujaingia. Anakandamiza. Anarudia mara ya pili, ya tatu. Sindano inashuka kupita kipimo, wino unamwagika chini ya ngozi na kuacha wingu la buluu kando ya mstari, ama ngozi inaumia na kuponea katika kovu. Mteja anaondoka akisifu kwamba fundi alifanya kazi kwa nguvu.

Tuangalie mitindo yenyewe, maana si yote inayodai mkono mmoja.

Unaotamba leo kuliko mingine ni ule wa mistari myembamba, unaochorwa kwa sindano moja ama tatu tu. Wengi wanaudhania ni mtindo wa matajiri. Asili yake ni tofauti kabisa: ulikomazwa na Wamarekani wenye asili ya Meksiko katika magereza ya California, ambako wafungwa walitengeneza mashine kwa mota ndogo na uzi wa gitaa, na wino wao ulikuwa mweusi tu. Mwaka 1975 Charlie Cartwright na Jack Rudy walifungua duka upande wa mashariki wa Los Angeles na kuutoa mtindo huo wa weusi na kijivu mbele ya watu wote. Freddy Negrete, aliyejifunza akiwa kifungoni, akafanya kazi nao. Miaka mingi baadaye, katika mji ule ule, Brian Woo anayeitwa Dr. Woo akawachora waimbaji na waigizaji kwa mistari midogo kupita yote, na Instagram ikaisambaza hadi huku.

Kwenye ngozi nyeusi mtindo huo unakubali, lakini kwa masharti. Mchoro uwe mkubwa kuliko ule wa picha. Nafasi kati ya mistari iachwe wazi. Herufi zenye matundu, kama a, e na o, zisiwe ndogo hata matundu yazibe baada ya miaka mitano, jina la mama likageuka kuwa doa. Mchoraji anayekubali kuandika sentensi nzima kwa herufi za ukubwa wa punje ya mchele, bila kumwonya mteja, anauza kitu anachojua hakitadumu. Ama hajui, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mtindo wa pili ni sura halisi, na huo ndio unaogusa mioyo. Mashariki mwa Congo, ambako vita na misiba vimeacha yatima na wajane wengi, si ajabu mtu kutaka sura ya papa ama ya mtoto aliyekufa ibaki kifuani pake. Hapa ndipo uchaguzi wa mchoraji ni mzito kuliko popote. Sura ya binadamu huchorwa kwa mwanga na kivuli. Kwenye ngozi nyeupe, mahali pasipoguswa na sindano panatoa ule weupe wa shavu na wa paji la uso. Kwenye ngozi nyeusi, rangi nyepesi kuliko zote ni ngozi yenyewe. Kutoka hapo hadi weusi wa wino hakuna ngazi nyingi. Fundi anayejua anaacha ngozi wazi kwa ukarimu, anaweka weusi mzito machoni, puani na kwenye nywele, na haogopi kuacha vitu vidogo. Asiyejua anajaza kijivu kila mahali, na tatuu ikipona uso wote ni wingu moja.

Na picha inayoletwa iwe picha ya kweli. Picha ya pasipoti iliyopigwa tena kwa simu, ikatumwa kwa WhatsApp mara tatu, haina tena macho wala mdomo. Ina vivuli tu, na mchoraji atalazimika kubuni vilivyopotea. Familia inaweza kuwa na picha ya karatasi kwenye albamu ya shangazi. Ni afadhali kungoja mwezi mzima hadi ipatikane. Sura ya marehemu iliyokosewa ni msiba wa pili, na huu hauzikwi.

Tena kuna michoro mizito ya weusi mtupu: pembetatu, mawimbi, meno ya papa wa baharini, mishipi inayozunguka mkono. Vijana wanaiita tribal. Sehemu kubwa inatoka visiwa vya bahari ya Pasifiki, Samoa na Marquesas, ambako hata neno lenyewe la tatuu lilichukuliwa na mabaharia wa Ulaya katika karne ya 18. Mtindo huu unaikaa ngozi nyeusi vizuri kuliko yote, na hilo halishangazi, kwani ulibuniwa na watu wenye ngozi ya kahawia kwa ajili ya ngozi ya kahawia. Tatizo lake ni maana. Samoa, mchoro mkubwa wa wanaume unaoanza kiunoni hadi magotini una heshima zake na mafundi wake, na mtu hauvai kama shati. Kijana wa Uvira anayeubeba bila kujua hatapelekwa mahakamani. Lakini anaweza angalau kujua kilichoandikwa juu yake.

Michoro ya Kijapani, yale majoka na samaki yanayofunika mgongo mzima, ni mizuri na inadumu. Inahitaji vikao vingi na pesa nyingi, na fundi atakayekuwepo bado mwaka ujao kuimaliza. Mgongo uliochorwa nusu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Kuhusu mtindo wa rangi ya maji, jibu ni fupi: usio na mistari myeusi ya kuushika unafifia hata kwa wazungu, na kwenye ngozi nyeusi unaonekana kama chubuko. Mchoraji anayeupendekeza kwa mteja wake mweusi bila maelezo hajawahi kutazama kazi yake ikiisha kupona. Majina ya wapenzi tusiyaguse. Kila mtaa una mtu mwenye jani kubwa mkononi, na kila mtu anajua jani linafunika nini.

Wazee hawakuhitaji kuelezwa habari ya kioo cha kahawia. Waluba wa Katanga, Watabwa wa kando ya Tanganyika na mataifa mengine mengi ya Congo waliipamba ngozi kwa chale kuliko kwa wino. Ngozi nyeusi hainenepeshi rangi, lakini inajua kivuli: kovu lililoinuka linashika mwanga, linaonekana kwa mbali, na linasomeka hata kwa vidole gizani. Tazama viti vya wafalme wa Kiluba vilivyobebwa na mwanamke wa mbao, kama vile vilivyoko jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Tumbo na mgongo wa mwanamke yule vimejaa mistari iliyopangwa kwa hesabu. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya sanaa na kumbukumbu za Waluba, walieleza kwamba alama hizo zilisomwa, karibu na jinsi wenye elimu ya kumbukumbu walivyosoma lukasa, ule ubao wenye shanga unaotunza habari za ufalme.

Wamisionari na wakoloni walizipiga vita chale, na kwa sehemu kubwa walishinda. Leo mjukuu wa mama aliyekatazwa alama za Kiluba analipa dola ili achorwe alama za Samoa. Hakuna anayedai turudi kwenye wembe. Lakini mchoraji wa Lubumbashi anayekaa mbele ya viti vile, hata kwa picha tu, na kujifunza jinsi almasi na mistari sambamba ilivyofuata umbo la tumbo na bega, atakuwa na kitu ambacho Instagram haimpi mtu mwingine yeyote. Ni michoro mipana, yenye nafasi, yenye mwanga na kivuli, na hayo ndiyo yanayotakiwa na ngozi ya wateja wake.

Mashariki, chale zina upande mwingine usiosemwa sana. Wapiganaji wa Mai-Mai wanajulikana kwa kuchanjwa alama ndogo za dawa, na alama hizo zimeshakuwa sababu ya kumshuku mtu, hata aliyekwisha kuacha silaha. Kijana anayetaka nukta ama mikato midogo kifuani, mabegani ama mikononi, hata ikiwa ni mapambo tu, afikirie vizuizi vya barabarani atakavyovuka. Mchoraji wa Goma ama wa Butembo asiyemkumbusha mteja jambo hili hajafanya kazi yake yote. Makanisani mabishano ni mengine, na mstari wa Walawi 19:28 hurudi kila mara; wazazi na wachungaji wanaujua, na si hapa utakapomalizwa.

Basi mchoraji mzuri anajulikana kwa nini? Si kwa idadi ya watu wanaomfuata mtandaoni, wala kwa mashine yake mpya. Aombwe kitu kimoja: picha za tatuu alizochora mwenyewe, zilizopona miezi 6 ama mwaka, kwenye ngozi nyeusi kama ya mteja. Picha mpya zinazong'aa vazelini hazihesabiwi. Kila tatuu ni nzuri siku ya kwanza. Mwenye kazi nzuri atafurahi kuulizwa, tena atampigia simu mteja wake wa zamani aje aonyeshe mkono. Mwenye kukasirika amekwisha kujibu.

Pili, atazamwe anakataa nini. Fundi anayekubali kila mtindo, kila ukubwa, kila mahali pa mwili, saa hiyo hiyo, anakimbilia pesa. Mzuri atasema sura hii ni ndogo mno, ama rangi hii haitakaa, ama mtindo huu si wangu, nenda kwa fulani. Atamkatalia mtoto wa miaka 15 aliyekuja na sare za shule. Atamkatalia mlevi.

Tatu, atauliza juu ya makovu. Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua hata kupita jeraha lenyewe. Wenye mwelekeo huo kwa kawaida wanajua, ila hawajui kwamba inahusu tatuu. Swali la maana ni rahisi: alama ya chanjo ya BCG uliyochanjwa utotoni ilipona namna gani? Na tundu la hereni? Kama ziliacha uvimbe mgumu, tatuu kifuani, begani ama kwenye taya, sehemu ambazo keloidi hupenda, ni kujitafutia shida. Nchini Marekani ama Ubelgiji swali hilo huwa kwenye karatasi ya kutia sahihi. Huku linaweza kuulizwa kwa mdomo, bila gharama yoyote.

Linabaki la sindano, na hapo hakuna mjadala wa sanaa. Tatuu ni jeraha la maelfu ya matundu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, katika damu iliyokauka, hata siku 7. Kuna vya aina ya C, na kuna vya SIDA. Kupitisha sindano kwenye alkoli hakutoshi, kuichemsha hakutoshi. Vyombo vya kurudia vinahitaji otoklavu, chungu cha mvuke chenye mgandamizo, digri 121 kwa dakika 15 angalau, na katika miji ambako umeme wa SNEL unakatika katikati ya kazi, nani atahakikisha dakika hizo zilitimia? Kwa hiyo njia ya kweli kwa Congo ni moja: sindano ya mtu mmoja, kwenye paketi iliyofungwa, inayofunguliwa mbele ya macho ya mteja na kutupwa mbele ya macho yake. Asiyeonyeshwa paketi asimame aondoke, hata kama mchoro umekwisha kuchorwa kwa kalamu.

Watu wengi huishia kwenye sindano. Watazame pia wino na mikono. Wino unamiminwa kwenye kikombe kidogo cha mtu mmoja, na unaobaki unatupwa. Haurudi kwenye chupa, hata ukiwa ghali. Kidole chenye glavu ya damu hakiingii tena kwenye kopo la vazelini la watu wote, wala hakishiki simu inayolia. Na wino mweusi hauchanganywi na maji ili kupata kijivu, si ya Regideso, si ya bidoni, si yaliyochemshwa. Mwaka 2011 na 2012, huko Rochester, jimbo la New York, watu zaidi ya 10 waliugua ngozi kwa bakteria iitwayo Mycobacterium chelonae, ingawa sindano hazikuwa na kosa. Wino wao wa kijivu ulikuwa umepunguzwa kwa maji kiwandani, kabla ya kuwekwa kwenye chupa. Ikiwa hiyo ilitokea kiwandani Marekani, bidoni la nyuma ya saluni litazamwe kwa jicho gani?

Chupa yenyewe isomwe: jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Tangu Januari 2022 Umoja wa Ulaya umezuia maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, na wino usioweza kuuzwa tena kule utatafuta soko mahali pengine. Akina mama wanaochorwa nyusi saluni, kati ya kusuka na kupaka kucha, wanahusika na yote haya. Ile nayo ni sindano, ule nao ni wino, ingawa hakuna anayeiita tatuu.

Mtu atasema: haya yote yanapandisha bei, na kijana hana pesa. Ni kweli, yanapandisha. Paketi ya sindano mpya, glavu jozi tatu, vikombe, wino wa kiwanda kinachojulikana, saa moja ya mazungumzo kabla ya kuanza: mchoraji anayelipisha kidogo sana ameruka kimojawapo, na mteja hataambiwa kipi. Tatuu si mkate. Anayekosa pesa mwezi huu anaweza kungoja mwezi wa kumi na mbili, na mchoro wake hautaoza.

Wachoraji nao wana neno lao. Wengi wao hawakupata mwalimu. Walijifunza kwa video na kwa ngozi za rafiki zao, vifaa vinapita mipaka kwa shida, na hakuna anayewakumbuka hadi siku mtu anapougua. Wakaguzi wa usafi wanaoingia mahotelini na kwenye mikahawa wangeweza kuingia kwao pia, lakini kama wakiingia kutafuta faini tu, wachoraji watahamia vyumbani na sindano zitafuata huko. Siku mbili za mafunzo juu ya damu na vyombo, zinazotolewa na wauguzi wa eneo la afya, zingesaidia kuliko mihuri mitano kwenye karatasi.

Na kuna jambo moja ambalo wachoraji wanaweza kuanza kesho bila ruhusa ya mtu. Hospitali za Congo hutegemea mara nyingi ndugu wa mgonjwa kutoa damu: dada anajifungua, anatokwa na damu, kaka wanaitwa usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri aliyechorwa tatuu asubiri miezi 6 kabla ya kutoa damu, kwa sababu ugonjwa mchanga unaweza kujificha kwenye vipimo. Kijana aliyechorwa mwezi uliopita, asiyejua hilo, atanyosha mkono kwa moyo mzuri na hatasema kitu, hasa ikiwa tatuu iko mgongoni. Kwa hiyo mteja akisha kufungwa plastiki na kuelezwa kutunza jeraha, kuosha kwa sabuni na maji safi na kutoogelea ziwani kwa majuma 3, apewe pia kipande cha karatasi: tarehe ya leo, jina la wino na namba ya toleo lake, na tarehe ambayo ataweza tena kutoa damu.